Utafiti ujao wa kufuatilia kaya usiwapoteze wanaohama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa kawaida huamuliwa mezani na wataalamu wachache, kisha nchi nzima hulibeba kwa miaka mingi. Ni namna ya kupanga utafiti wa taifa wa kufuatilia kaya, yaani ule unaowarudia watu walewale kila baada ya miaka kadhaa na kuwauliza maswali yaleyale. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa hapa Dodoma Julai 2025, na ahadi zake kuhusu umaskini, ajira na lishe zitapaswa kupimwa. Kila bajeti ikikaribia husikika hoja kwamba tunahitaji utafiti mkubwa zaidi, wenye kaya nyingi zaidi na dodoso nene zaidi. Naomba fedha hizo zitumike kwanza kuwatafuta waliohama.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi ulionesha kwamba Tanzania Bara umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Takwimu hizo ni nzuri kwa kazi yake, lakini kila mara huchaguliwa kaya mpya. Chukua kijiji cha kaya 100. Mwanzo kaya 28 ni maskini, miaka sita baadaye ni 26. Inawezekana kaya 2 tu zimejinasua na zile 26 zimekwama palepale. Inawezekana pia kaya 15 zimetoka kwenye umaskini na nyingine 13, ambazo zilikuwa na nafuu, zimetumbukia. Jumla ni ileile, ila dawa ni tofauti kabisa. Kijiji cha kwanza kinahitaji ardhi, elimu na ruzuku ya muda mrefu. Cha pili kinahitaji bima ya afya, akiba ya nafaka na kinga ya mifugo, maana watu wanaangushwa na ugonjwa na ukame. Ukitazama asilimia peke yake huwezi kujua uko kijiji gani.

Hatuanzi sifuri. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza utafiti wa namna hii mwaka 2008/09, wakati wa MKUKUTA, mkakati wa taifa wa kupunguza umaskini, kwa kaya 3,265 katika maeneo 409 ya kuhesabia watu, Bara na Zanzibar. Awamu za 2010/11 na 2012/13 zilizirudia kaya hizo na kuwafuata watu wazima waliotoka ndani yake. Mwaka 2014/15 sehemu kubwa ya sampuli ilichaguliwa upya, ikabaki sehemu ndogo tu ya zile za zamani. Baada ya hapo, ukiacha ufuatiliaji wa sehemu hiyo ya zamani mwaka 2019/20, awamu kamili iliyofuata ilikuwa ya 2020/21. Pengo la miaka sita ni kubwa mno kwa utafiti wa aina hii. Namba za simu zinakufa, wazee wanafariki, mabinti wanaolewa, na mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa anamjua kila mtu anakuwa ameshaondoka madarakani.

Mkoa wa Kagera umetupa somo ambalo halipaswi kusahaulika. Utafiti wa afya na maendeleo ulioanza huko mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900 uliwatafuta tena watu wale mwaka 2004, si kwenye nyumba zao za zamani tu bali popote walipokwenda, hata nje ya mkoa na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Watafiti wakakuta kwamba katika miaka hiyo 13 ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Utafiti ule ungeishia kugonga milango ileile, ukuaji huo usingeonekana, na hitimisho lingekuwa kwamba maendeleo yalikuwa kidogo kuliko yalivyokuwa kweli.

Sasa tazama Dodoma. Mkoa ulihesabiwa watu milioni 2.08 mwaka 2012 na milioni 3.09 mwaka 2022. Mbali na ongezeko hilo wapo wanaohama ndani ya mkoa wenyewe: kijana wa Mvumi aliyekwenda kubeba matofali Nzuguni, binti wa Chemba aliyeajiriwa kazi za ndani Area C, na familia ya Bahi iliyouza mbuzi ikanunua kiwanja Nkuhungu. Mdadisi akifika Mvumi akaandika "kaya haipo", sera ya mji inakosa mtu wake na sera ya kijiji inabaki na wazee peke yao.

Kumpata aliyehama ni kazi yenye utaratibu wake, na inaanza siku ya mahojiano ya kwanza. Fomu ya mawasiliano isichukue namba ya mkuu wa kaya pekee. Ichukue namba mbili za watu wa ndani ya kaya na mbili za nje: moja ya mtu asiyetarajiwa kuhama, kama mwenye duka au kiongozi wa msikiti au kanisa, nyingine ya ndugu aliye mjini. Liandikwe jina analoitwa mtu pale kijijini. Mwanamke aliyeandikishwa kwa jina la ukoo huweza asijulikane na jirani yeyote, lakini ukitaja "Mama Neema" watoto wanakupeleka mlangoni. Zichukuliwe nukta za GPS za mlango, na pale ambapo Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imeacha namba ya nyumba, iandikwe. Kati ya awamu na awamu simu ipigwe kila baada ya miezi minne, dakika tano tu, kuhakiki kama mtu bado yupo. Laini iliyopotea ukiijua baada ya miezi minne, ndugu bado anaikumbuka mpya. Ukisubiri miaka miwili, hakuna wa kumuuliza.

Timu ikifika na kukuta mtu ameondoka, fomu ya ufuatiliaji ijazwe siku hiyohiyo, kabla gari halijawashwa. Jibu la kwanza la majirani ni "ameenda mjini". Mdadisi asiridhike nalo. Aulize ni mji gani na mtaa gani, anafanya kazi gani na kwa nani, na nani alizungumza naye mara ya mwisho. Aliyehamia kata hiyohiyo ahojiwe kabla timu haijaondoka. Aliye ndani ya mkoa atafutwe na timu hiyo ndani ya mwezi huo. Aliyevuka mkoa, fomu yake iende makao makuu na ikabidhiwe timu iliyo karibu naye, mwisho siku 30. Wanaobaki wapewe timu maalumu kila robo mwaka. Fedha za kazi hii ziwe na kifungu chake ambacho hakiwezi kuhamishiwa mafuta ya kawaida wala semina, kwa sababu bajeti ikibana hiki ndicho kifungu cha kwanza kukatwa. Kaya isiyotafutwa haipigi kelele.

Hesabu yake ni nyepesi na inatisha. Ukianza na kaya 4,000 na kupoteza asilimia 5 kila unaporudi, baada ya kurudi mara nne umebaki na kaya 3,258. Ukipoteza asilimia 10, umebaki na 2,624. Na hao waliopotea hawakupotea kwa kura. Ni vijana, ni wapangaji, ni waliotalikiana, ni waliofaulu na waliofilisika. Kuongeza kaya mpya kunarudisha idadi, lakini historia ya aliyepotea hairudi.

Lazima pia tukubaliane mapema nani anafuatwa. Pendekezo langu ni kwamba kila mwanakaya wa awamu ya kwanza mwenye miaka 15 na zaidi afuatwe popote ndani ya nchi, na mtoto akifikisha miaka hiyo naye aingie. Mtoto anayezaliwa na mtu wa sampuli awe wa sampuli. Mume mpya au wifi aliyeingia ahojiwe maadamu anaishi na mtu wetu, ila akiondoka peke yake asifuatwe. Kila mtu apewe namba ya kudumu ambayo haitatumiwa tena hata akifariki. Makosa mengi hutokea hapa, kwa kuwa mjukuu hubeba jina la babu na katika nyumba moja unaweza kukuta akina Juma wawili. Kishikwambi kilinganishe umri na jinsi: kama miaka miwili imepita na mtu ameongezeka miaka kumi na moja, huenda umemhoji Juma mwingine.

Neno "kaya" lenyewe linahitaji kanuni isiyobadilika. Wengi husema kaya ni wanaokula chungu kimoja. Sawa, lakini mwanamume mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake na kilindo chake cha uwele, ni kaya moja au mbili? Ninaona wahesabiwe kaya mbili, na mume aandikwe anakolala siku nyingi zaidi. Wengine wanaweza kuona tofauti, na sitagombana nao, mradi kanuni iwe moja kwa awamu zote. Ikibadilika katikati, utaona kaya zinaongezeka na ukubwa wake unapungua bila mtu yeyote kuhama.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, hoja ya "kaya nyingi zaidi" huchanganya mambo mawili. Watu wa eneo moja hufanana: mvua ni moja, soko ni moja, shule ni moja. Kaya ya kumi na sita kutoka kijiji kilekile inakuongezea habari kidogo sana. Wanatakwimu hupima hilo kwa kuzidisha idadi ya kaya za eneo ukitoa moja kwa kiwango cha kufanana, kisha kuongeza moja. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.2, kaya 8 kwa eneo zinatoa 2.4, na kaya 16 zinatoa 4. Idadi ya kaya hugawanywa kwa namba hiyo, kwa hiyo kaya 3,200 zilizotawanywa katika maeneo 400 zina nguvu ya kaya 1,333 zilizochaguliwa moja moja, na kaya hizohizo zikirundikwa katika maeneo 200 zina nguvu ya kaya 800 tu. Wanaobana matumizi kwa kupunguza maeneo wajue wanachokitupa.

Jambo la pili ni takwimu za mikoa. Ili kujua umaskini wa mkoa mmoja kwa kupishana asilimia 5 juu au chini, unahitaji kaya kama 300, uzidishe kwa 2.4 ile, upate zaidi ya 700. Kwa mikoa 31 ya Bara na Zanzibar ni karibu kaya 22,000. Hakuna nchi ya uwezo wetu inayoweza kuwafuata watu wa kaya hizo zote bila kulegea. Takwimu za mkoa na wilaya tuziachie sensa na utafiti wa mapato na matumizi. Utafiti wa kufuatilia upewe kazi yake: kuonesha mabadiliko, kwa taifa na kwa matabaka manne au matano kama Dar es Salaam, miji mingine, vijiji vya Bara na Zanzibar. Kwa mabadiliko una faida kubwa. Kama matumizi ya kaya ya leo yanahusiana na ya miaka miwili iliyopita kwa kiwango cha 0.5, kuwarudia walewale kunapunguza kwa nusu mtawanyiko wa makosa ya kipimo cha mabadiliko, ukilinganisha na kuchagua kaya mpya kwa idadi ileile.

Msimu ndiyo mtego wa kanda yetu. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mavuno huanza karibu na mvua kukatika. Juni ghala lina kitu. Januari na Februari wengi wananunua unga kwa kipimo au wanakwenda vibarua. Kaya ya Chamwino ikihojiwa Juni kisha miaka miwili baadaye ikahojiwa Januari, itaonekana imefukarika hata kama hali yake haijabadilika. Kazi ya uwandani ienee miezi 12, na kila kaya irudiwe mwezi uleule ilipohojiwa kwanza, au usipishane nao zaidi ya mwezi mmoja. Fedha za awamu zikichelewa kutoka kwa miezi mitatu, ni afadhali timu zianze na maeneo ya mwezi huo kuliko kuanza na maeneo ya mwanzo wa orodha. Maeneo ya miezi iliyopita yamaliziwe mwaka unaofuata.

Chakula kiulizwe kwa siku 7 zilizopita, kwa orodha iliyotaja kila kitu kwa jina lake: ugali wa mahindi mbali na wa mtama na wa uwele, mlenda, mboga za porini, ubuyu. Kisichotajwa hakisemwi. Kiulizwe kilichonunuliwa, kilichotoka shambani na kilichopewa bure, kila kimoja peke yake, na chakula kinacholiwa nje kwa mama lishe kiulizwe kwa kila mtu. Jaribio lililofanyika hapahapa Tanzania mwaka 2007 na 2008 kwa njia nane tofauti za kuuliza matumizi lilionesha kwamba njia peke yake hubadilisha kiwango cha umaskini kinachopatikana. Ndiyo maana naomba kwa msisitizo: dodoso la chakula lisiguswe kati ya awamu na awamu, hata kama mtaalamu mpya analo bora zaidi. Akitaka kulijaribu, alijaribu kwa kaya za pembeni.

Vipimo vya sokoni navyo vipimwe kwa mizani. Gunia la mahindi la kilo 100 likijazwa alizeti hukaribia kilo 65. Sado, debe, fungu na bakuli hutofautiana kati ya soko la Kibaigwa na la Majengo, na lumbesa ni kadhia nyingine kabisa. Timu iwe na mizani ya kuning'iniza, ipime vipimo vitatu vya kila bidhaa kuu katika soko la eneo, irekodi na bei siku hiyohiyo. Mashamba yapimwe kwa kuzunguka na GPS, kwani wakulima huelekea kukuza ekari za vishamba vidogo na kupunguza za mashamba makubwa, na mavuno kwa ekari yanaharibika pande zote mbili.

Mifugo inahitaji busara. Kwa Wagogo ng'ombe wa mtu mmoja huweza kutunzwa kwa ndugu na marafiki katika vijiji kadhaa, na zizini mwake wakawamo wa wengine. Ukiuliza "una ng'ombe wangapi?" umeuliza maswali mawili kwa pamoja. Uliza wangapi ni wako popote walipo, kisha wangapi wanalala hapa bila kujali ni wa nani. Usihesabu zizini bila ruhusa. Watu huficha mifugo wakiogopa ushuru, na huficha tena wakidhani orodha ya kaya maskini zinazopewa ruzuku ya TASAF inatokana na dodoso. Barua ya utambulisho iseme wazi kwamba majibu hayaongezi wala hayafuti jina la mtu kwenye mpango wowote, na kwamba Sheria ya Takwimu inalinda siri yake. Zawadi iwe ndogo na sawa kwa wote, kwa mfano sukari kilo moja na kipande cha sabuni, ikitolewa baada ya mahojiano.

Mahojiano yasizidi saa mbili. Mtu anayerudiwa hujifunza. Akishajua kwamba ukijibu "ndiyo" kuhusu biashara yanafuata maswali arobaini, awamu ijayo atajibu "hapana". Kila wizara ina swali inalotaka kuliingiza, na kila swali lina sababu nzuri. Lakini jipya likiingia, la zamani la urefu uleule lisilotumika litoke, na yale ya msingi yasitoke kamwe.

Kishikwambi kioneshe majina, umri na jinsi kutoka awamu iliyopita. Kisioneshe kiasi cha mavuno wala matumizi, maana mdadisi aliyechoka atasoma namba ya zamani na mhojiwa ataitikia. Namba ya zamani ijitokeze baada ya jibu jipya kuandikwa, pale tofauti inapokuwa kubwa mno, na sababu ielezwe kwa maneno.

Timu moja iwe na wadadisi wanne, msimamizi na dereva. Ikimaliza maeneo manne kwa mwezi kwa miezi 11 inafanya 44, hivyo maeneo 400 yanataka timu kumi, na nafasi inayobaki ni ya ufuatiliaji. Wadadisi wachaguliwe pia kwa lugha. Huku kwetu mdadisi asiyesikia Kigogo, Kirangi au Kisandawe atategemea mkalimani, na mkalimani akiwa mtendaji wa kijiji, swali la michango na kodi limeshakufa. Posho ilipwe kwa wakati. Mdadisi aliyekaa wiki tatu bila posho ndiye anayejaza dodoso akiwa chini ya mti. Asilimia 10 ya kaya zirudiwe na msimamizi kwa ghafla, na saa ya kuanza na kumaliza kila sehemu ikaguliwe makao makuu kila jioni. Sehemu ya chakula iliyojazwa kwa dakika nne haikuulizwa.

Kila eneo la kiutawala liandikwe kwa namba mbili, ya zamani na ya sasa. Baadhi ya vijiji vilivyokuwa pembezoni mwa mji mwaka 2012 leo ni mitaa ya Jiji la Dodoma. Ukifuta namba ya zamani, itaonekana watu wa kijiji wamehamia mjini, kumbe mji ndio uliowafuata. Na kila awamu kaya zichaguliwe pia katika maeneo mapya yaliyoorodheshwa kwa sensa ya 2022, kwa sababu sampuli ya zamani haina njia ya kuingiza mtaa ambao haukuwapo.

Mwisho ni data zenyewe. Zitolewe ndani ya miezi 12 baada ya kazi ya uwandani, majina yakiwa yameondolewa na nukta za GPS zikiwa zimesogezwa, hadi kilomita 2 mjini na 5 au zaidi vijijini. Taarifa iliyochapishwa isiwe na asilimia za mwaka tu, bali jedwali la kaya zilizotoka kwenye umaskini, zilizoingia na zilizobaki, na pembeni yake idadi ya wasiopatikana, kwa umri, jinsi na mahali walipoondoka.

Wako,
Mtakwimu na msomaji wa siku nyingi,
Dodoma